Kuchora milima na ukungu kwa wino: njia ya wachoraji wa kasri la Song, kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu wa Tukuyu, Isongole au Makete anaanza kazi hii akiwa na mtaji ambao wengi hawana: ukungu anaujua. Ameuona ukikata mlima katikati, chini miti, juu kilele, na kati yake hakuna kitu. Michoro ya milima iliyotoka kwenye makasri ya China wakati wa nasaba ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279, inategemea hicho kisichoonekana. Ukungu kwenye michoro hiyo haupakwi rangi. Ni hariri au karatasi iliyoachwa kama ilivyo, na wino unapita pembeni yake tu. Anayekimbilia kujaza karatasi hapati mlima, anapata ukuta.

Maelezo haya ni ya mchoro mmoja wa wima, sentimita 30 kwa 60, wa wino mweusi na rangi kidogo. Tenga siku tatu au nne. Muda mwingi ni wa kusubiri wino ukauke, na hapo ndipo wengi wanaharibu.

Tazama kazi yenyewe kwanza

Kielelezo chetu ni mchoro wa Guo Xi uitwao "Mwanzo wa Majira ya Kuchipua". Guo Xi alikuwa mchoraji wa kasri la Mfalme Shenzong. Aliuchora mwaka 1072 kwenye hariri ya sentimita 158.3 kwa 108.1, na leo umehifadhiwa Taipei, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kasri. Picha zake safi zipo kwenye intaneti. Ukipata kompyuta itumie badala ya simu, uikuze picha kipande kwa kipande.

Angalia jinsi mlima wa katikati usivyopanda wima. Unajipinda kushoto na kulia, na kila kona unapojipinda ukungu unaukata. Kisha tafuta weusi ulipo. Utaukuta kwenye miti na kwenye nyufa chache za miamba ya mbele, basi. Kwingine kote ni kijivu juu ya kijivu. Halafu watafute watu. Wako chini kando ya maji, na majengo ya hekalu yako upande wa kulia karibu na maporomoko, yote madogo sana. Guo Xi alifundisha kwamba mlima uwe mkubwa kuliko mti, na mti uwe mkubwa kuliko mtu. Kwenye karatasi yetu ya sentimita 60, mtu asizidi milimita 5. Ukimfanya wa sentimita 2 mlima unageuka kichuguu, na hakuna wino utakaouokoa.

Shairi lililo juu kulia si la Guo Xi. Mfalme Qianlong aliliongeza mwaka 1759. Liache. Na rangi ya kahawia unayoiona kote ni uzee wa hariri, si uamuzi wa mchoraji. Wapo wanaochovya karatasi kwenye chai ya rangi ili ifanane na ya zamani. Hatushauri: wino mwepesi kuliko wote hauonekani juu ya kahawia, na wino huo ndio unaobeba milima ya mbali.

Umbali wa aina tatu, na pa kuutazamia huku kwetu

Mafundisho ya Guo Xi yalikusanywa na mwanawe, Guo Si. Ndani yake kuna umbali wa aina tatu. Wa juu ni wa mtu aliyesimama chini ya mlima akiinua macho kwenye kilele. Wa kina ni wa mtu aliye mbele ya mlima anayechungulia kilicho nyuma yake. Wa tambarare ni wa mtu aliye kwenye mlima wa karibu akitazama milima ya mbali.

Aina zote tatu unazipata bila kutoka kanda hii. Simama Mbeya mjini uinue macho kuelekea Loleza: huo ni wa juu. Pita Kitonga ukienda Iringa, uone mabega ya milima yanavyopishana na bonde linavyopotea katikati: huo ni wa kina. Panda barabara ya Mbeya kwenda Chunya, ugeuke utazame Usangu chini ikiwa imenyooka mpaka inapokutana na anga: huo ni wa tambarare.

Mchoro wa kasri huchanganya zote tatu kwenye karatasi moja. Ndiyo maana usichore kwa kunakili picha ya simu. Kamera ina jicho moja na mahali pamoja pa kusimama. Mchoraji wa Song alitakiwa azunguke mlima, auone kwa karibu na kwa mbali, asubuhi na jioni, kiangazi na masika, kisha arudi ndani achore anachokijua. Chukua daftari na penseli. Chora umbo tu, mistari kumi kwa kila mlima, na uandike kando ukungu ulisimama wapi na saa ngapi.

Karatasi au kitambaa

Wanaoanza husikitika kwamba hawana karatasi ya Xuan, ile ya Anhui inayofyonza wino. Kwa mtindo huu haina shida. Wachoraji wa kasri la Song walitumia sana hariri iliyopakwa gundi na shabu ili wino usitawanyike, na hivyo waliweza kuweka tabaka juu ya tabaka. Karatasi nene ya kuchorea ya steshenari, ya gramu 150 kwenda juu, inafanya kazi vizuri kwa sababu imeshatiwa gundi kiwandani. Manila ya kawaida ni ngumu mno, maji yanabaki juu yake yakielea.

Ukitaka kitambaa, chukua popilini nyeupe ya pamba tupu. Yenye nailoni inakataa wino. Ifue bila sabuni ya maua, ipige pasi, ikaze kwenye fremu kwa pini. Loweka gramu 20 za jelatini isiyo na ladha kwenye maji kidogo ya baridi uliyochota kwenye lita 1 uliyoipima, kisha uipashe moto pamoja na maji yaliyobaki mpaka iyeyuke. Isichemke, maana ikichemka inapoteza nguvu ya kushika. Yeyusha gramu 7 za shabu kwenye kikombe cha maji ya moto, subiri vyote viwe vya vuguvugu, uchanganye. Paka kwa brashi pana mara moja, iache ikauke kabisa, paka tena. Shabu ikizidi, kitambaa kitameta chembechembe kwenye mwanga na baada ya muda kitakuwa kikavu na chepesi kukatika. Ikipungua, mstari wa wino utaota ndevu. Jaribu kwenye pembe kabla ya kuamini.

Karatasi nayo ikazwe, la sivyo itajikunja ikilowa. Ilowanishe pande zote mbili, ilaze kwenye ubao, bandika kingo zake sentimita 1 kwa gundi ya unga wa ngano, iache usiku kucha.

Wino

Ulio bora ni mche wa wino unaosagwa kwenye jiwe. Mche huo ni masizi ya msonobari au ya mafuta, yaliyokandwa kwa gundi ya ngozi. Weka nusu kijiko cha chai cha maji kwenye jiwe, shika mche wima, uzungushe polepole bila kukandamiza kwa dakika 10 hadi 15. Wino umefika pale mche unapopita na kuacha njia inayochelewa kidogo kufunga nyuma yake.

Ukikosa mche, wino wa chupa wa wachora ramani unafaa kwa mazoezi, ila soma chupa: ule usiotoka kwa maji ukishakauka unaua brashi mara moja, na kingo zake hazilainiki tena.

Njia ya tatu ni kuutengeneza. Washa koroboi nje, mahali pasipo na upepo, shikilia bati safi sentimita 3 au 4 juu ya mwali kwa kutumia koleo, kisha kwangua masizi kwa unyoya. Kupata gramu 5 ni kazi ya jioni kadhaa. Funika pua na mdomo. Masizi huelea juu ya maji na kukataa kuchanganyika, kwa hiyo yalowanishe kwanza kwa matone machache ya spiriti, halafu ndipo uyakande na gramu 3 za jelatini iliyoyeyushwa kwenye mililita 40 za maji. Ukipoa utaganda. Ndivyo unavyotakiwa. Kata kipande kama punje ya harage, kiyeyushe kwenye maji ya moto kila unapochora. Utunze mahali pa baridi, na ukinuka utupe.

Jambo moja la kwetu, hasa Njombe, Makete na Mbeya ya Juni na Julai: gundi iliyo ndani ya wino huanza kuganda kwenye baridi. Brashi inakuwa nzito, mstari unakatika, na mchoraji anadhani mkono ndio mbaya. Sagia kwa maji ya vuguvugu, na visahani vyako viweke juu ya sinia lenye maji ya moto. Wino wa jana usiutumie kwa tabaka nyepesi. Gundi yake imeshavunjika, masizi yanajikusanya na kuacha chembe.

Andaa visahani vitano, kwa sababu wino mmoja unatoa vivuli vitano. Cha kwanza wino mtupu. Cha pili wino kipimo 1 kwa maji 1. Cha tatu 1 kwa 3, cha nne 1 kwa 10, cha tano 1 kwa 30. Jaribu kila kimoja kwenye kipande cha karatasi na usubiri kikauke, kwani wino ukikauka unapauka. Cha tano kikionekana kama maji machafu tu, kiko sawa.

Brashi zitoshe tatu: moja yenye ncha kali ya nywele ngumu kiasi kwa mistari (namba 6 au 8 ya rangi za maji inafaa), moja laini iliyonona kwa maji mengi, na moja pana ya sentimita 4 kwa kulowanisha.

Mpigo wa brashi ufuate mwamba

Sehemu hii ndiyo moyo wa kazi, na ndiyo inayotofautisha aliyejifunza na anayebahatisha. Uso wa mlima haujazwi kwa kupaka. Unajengwa kwa mipigo midogo, na kila mchoraji mkubwa alikuwa na mpigo wake kwa sababu alitoka kwenye mwamba wake.

Fan Kuan, kwenye mchoro wake wa wasafiri kati ya milima na vijito, alitumia vidoto vifupi vya brashi iliyosimama, maelfu kwa maelfu, vinavyoitwa matone ya mvua. Mpigo huo ni wa jiwe gumu lenye chembe. Jiwe la Gangilonga pale Iringa linauhitaji. Li Tang, aliyechora mwaka 1124 mchoro wa upepo kwenye misonobari, alitumia mpigo wa shoka: brashi inalazwa ubavu, inaburutwa kwa haraka na kukatwa. Tumia huo kwa maporomoko ya mawe yenye pembe, na kwa nguzo za Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, ukiuburuta kutoka juu kwenda chini kufuata mmomonyoko. Dong Yuan, wa kasri la Tang ya Kusini huko Nanjing, alivuta mistari mirefu iliyolegea iitwayo nyuzi za katani. Ni ya vilima vya mviringo visivyo na mawe, na mabega ya nyasi ya Kitulo na Uporoto yanakaa vizuri chini yake. Guo Xi mwenyewe alikunja mipigo kama mawingu, wino ukiwa mbichi, na ndiyo maana miamba yake inaonekana inasogea. Kwa milima ya Rungwe yenye msitu mzito na mvua, yafaa zaidi vidoto vipana vya kulala vilivyolowa, kama alivyofanya Mi Youren.

Chagua mmoja kwa mchoro mmoja. Kuchanganya shoka na nyuzi za katani kwenye mlima uleule kunampa mtazamaji miamba miwili inayogombana.

Shika brashi wima, mkono usiegemee meza, mwendo utoke kwenye kiwiko na bega. Fanya mazoezi ya kurasa tatu za mpigo mmoja kabla ya kugusa karatasi ya kweli. Kila baada ya mipigo michache, futa brashi kwenye kitambaa. Brashi yenye maji mengi haitoi mpigo, inatoa doa.

Kuchora

Anza kwa mkaa wa kijiti chembamba, kama walivyofanya zamani kwa mkaa wa mti. Weka mlima mkuu mmoja tu, usiwe katikati kabisa. Weka miamba ya mbele chini, maji kati yake, na amua sasa hivi ukungu utapita wapi. Uzungushie mstari mwepesi. Theluthi moja ya karatasi ibaki tupu. Ukimaliza pangusa kwa unyoya, ibaki alama hafifu.

Chora maumbo kwa kisahani cha tatu, mstari wenye unene usiolingana. Mlima unaposhuka kuingia kwenye ukungu, mstari upauke na uishe wenyewe. Usiufunge. Mstari uliofungwa chini ni kosa la kwanza tunaloliona kwa wanafunzi karibu wote, na kusema kweli ndilo gumu kuliacha.

Kisha mipigo ya mwamba, kisahani cha tatu na cha nne, ikiwa mizito kwenye nyufa na vivulini, michache juu penye mwanga. Acha ikauke. Rudia kwa kisahani cha pili sehemu chache za mbele. Sugua kidogo kwa brashi kavu iliyolazwa pale mwamba unapotaka ukwaru.

Miti ije sasa, kabla ya tabaka za maji. Matawi ya Guo Xi yanainama kama kucha za kaa, ncha zikielekea chini. Usijifunzie kwenye misonobari ya mashamba ya Mafinga, imenyooka na kupangwa mistari. Nenda kwenye miombo wakati wa kiangazi inapokuwa imepukutika, utazame tawi moja lililopinda mpaka uelewe linageukia wapi na kwa nini. Shina kwanza, kwa kisahani cha pili, tawi kubwa, kisha vijitawi kwa wino mtupu, brashi ikiwa na ncha kali. Miti ya mbele mitano inatosha, mmoja uwe mrefu kuzidi mingine. Miti ya mbali ni vidoto tu.

Sasa tabaka la maji. Lowanisha kwa brashi pana sehemu yote ya mlima pamoja na ukungu ulio chini yake. Subiri mng'ao wa maji upotee, karatasi iwe na unyevu lakini isimeremete. Chukua kisahani cha nne kwa brashi laini, pita kwenye ukingo wa juu wa mlima, kisha suuza brashi na kwa maji matupu uvute wino chini kuelekea kwenye ukungu mpaka uishe. Kileleni kizito, miguuni hakuna. Acha ikauke kabisa. Rudia mara tatu hadi tano, kila mara nyepesi. Weusi unaopatikana kwa tabaka tano nyepesi una kina. Weusi wa tabaka moja nzito ni bapa.

Hapa ndipo hali ya hewa yetu inapoamua. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu, maji yanakauka kabla hujavuta, na ukungu unapata ukingo mkali. Fanya kazi asubuhi mapema, dirisha limefungwa, na lowanisha eneo dogo. Ukingo ukijitokeza, gusa mara moja kwa brashi yenye maji safi, ukishakauka hautoki. Masika ni kinyume chake: tabaka la jana bado lina unyevu ndani ingawa juu linaonekana kavu, ukiliwekea jingine wino wa chini unainuka na kuchafuka. Gusa kwa mgongo wa vidole. Ikiwa ya baridi, bado.

Milima ya mbali ichore mwishoni kwa kisahani cha tano, bila mistari, ndani ya unyevu. Malizia kwa vidoto vya wino mtupu kwenye miamba ya mbele, vichache, mahali ambapo nyasi na kuvumwani, ule utando wa juu ya mawe, vingeota. Kisha watu, daraja, paa. Mtu ni mipigo minne.

Rangi kidogo

Mtindo huu unaruhusu rangi mbili: kahawia ya udongo kwenye miamba na buluu ya nili iliyofifia kwenye majani na milima ya mbali. Udongo mwekundu unaweza kuuandaa mwenyewe. Uponde, uchanganye na maji mengi, subiri dakika 1 mchanga ushuke, mwaga maji mekundu kwenye chombo kingine, yaache yatulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, kausha tope. Changanya na maji ya jelatini ya asilimia 3. Isiposhika na ikaacha vumbi kidoleni, ongeza jelatini. Rangi ije juu ya wino uliokauka, na iwe hafifu.

Upo mtindo mwingine wa kasri, wa buluu na kijani vya mawe yaliyosagwa. Wang Ximeng aliutumia mwaka 1113, akiwa na umri wa miaka 18, kwenye mchoro wa sentimita 51.5 kwa 1,191.5 ulioko Beijing. Ni mzuri ajabu, lakini mawe yale hufunika makosa ya wino, kwa hiyo usiuanze huo.

Zoezi la kuchagua kitu cha kuficha

Mfalme Huizong alianzisha shule ya uchoraji mwaka 1104, na wanafunzi walipimwa kwa mistari ya mashairi. Inasimuliwa kwamba mstari mmoja ulitaja hekalu la kale lililofichwa na milima. Wengi walichora hekalu. Aliyeshinda alichora milima na mlingoti wa bendera ukichungulia tu. Jiwekee mtihani kama huo kabla ya mchoro wako wa pili: shule nyuma ya kilima, ikionyeshwa kwa ncha ya mlingoti, kijiji bondeni, kwa moshi, mto, kwa daraja pekee. Kitu kilichofichwa kihesabie kuwa sehemu ya theluthi ile iliyobaki tupu.

Sahihi, mgongo na kutunza

Guo Xi aliweka sahihi na muhuri ukingoni kushoto. Fan Kuan aliificha yake kati ya majani, na haikuonekana mpaka mwaka 1958. Iweke ndogo, mahali penye giza kidogo, kamwe si kwenye ukungu.

Kata karatasi kutoka kwenye ubao, uipe mgongo, yaani ubandike karatasi nyembamba nyuma yake. Gundi itengeneze kwa wanga, si unga mzima: kanda donge la ngano, lioshe ndani ya maji mpaka maji yawe meupe, yaache yatulie, chukua wanga ulioshuka, upike mpaka uwe wa kung'aa, kisha uupunguze kwa maji uwe kama maziwa mazito. Sehemu inayonata ya unga huita wadudu na kuvu, na masika ya Tukuyu hayasamehe. Kabla ya kulowanisha mgongo, gusa wino kwa pamba yenye maji. Ikitoka nyeusi, wino wako ulikosa gundi, na mchoro huo ubandike kwenye fremu ukiwa mkavu.

Ukiukunja, ukunje kwenye bomba lenye kipenyo kisichopungua sentimita 4, uso ukiwa ndani, ufungwe kwa kitambaa cha pamba. Usitumie mfuko wa plastiki. Ufungue ndani ya nyumba kila kiangazi kwa siku mbili, mbali na jua.